Gitaa Hili ni la Nani? Matembezi ya Mtaa wa Stanley, Liverpool

Ukijaliwa kufika Liverpool, mji wa bandari ulio kaskazini-magharibi ya Uingereza, wenyeji watakuelekeza kwanza kwenye Mtaa wa Mathew. Huko ndiko ulikokuwa ukumbi wa Cavern, ambamo Beatles walipiga muziki karibu mara 300, na huko ndiko kila mgeni anakopigwa picha. Nenda ukaone, lakini usikawie. Cavern ya asili ilifungwa mwaka 1973 na kufukiwa kwa ajili ya kazi za reli ya chini ya ardhi. Hiyo utakayoingia ilijengwa upya mwaka 1984. Ukikwisha kuiona, kunja kona uingie Mtaa wa Stanley, maana habari tunayotaka kukueleza iko huko, nayo wapiga picha wengi huipita bila kuitupia jicho.

Mtaa wa Stanley si mrefu wala hauna fahari. Mwezi Desemba mwaka 1982 iliwekwa hapo sanamu ya shaba ya mwanamke mpweke aliyeketi juu ya benchi, kwa ukumbusho wa Eleanor Rigby wa kwenye wimbo. Aliyeiunda ni Tommy Steele, kijana aliyepata kuwa nyota wa kwanza wa muziki wa roki nchini Uingereza mwaka 1956, naye kwa ujira wake alitoza nusu ya sarafu ya peni sita, yaani peni tatu tu. Karibu na hapo, namba 62, palikuwa na duka la ala za muziki la Frank Hessy. Duka hilo lilifungwa mwaka 1995, kwa hiyo usitazamie kukuta gitaa dirishani. Hata hivyo simama kidogo, kwani mlango huu ulipitwa na vijana waliobadili muziki wa dunia, na karibu wote waliupita wakiwa na deni.

Kwanza inafaa ujue hali ya Uingereza ilivyokuwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilikuwa na upungufu mkubwa wa dola, na kuanzia mwaka 1951 serikali yake ilizuia bidhaa nyingi za Kimarekani zisiingizwe, ala za muziki zikiwemo. Kizuizi hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1959. Basi miaka ile ile ambamo sauti za Elvis Presley na Buddy Holly zilikuwa zikiwatia wazimu vijana wa Kiingereza, magitaa waliyoyaona katika picha za majalada ya sahani, kina Fender na Gibson, hayakuwa yakiuzwa nchini mwao. Kijana aliweza kumsikia Buddy Holly kila jioni katika redio, na gitaa lake asilione kwa macho maisha yake yote.

Mwaka 1956 ulipokuja muziki uitwao skifli, ulioongozwa na Lonnie Donegan, maelfu ya vijana waliunda bendi kwa vyombo vya jikoni. Ubao wa kufulia nguo ukawa ngoma. Sanduku la chai likapinduliwa, likachomekwa ufito wa ufagio na kufungwa uzi mmoja, likawa besi. Masanduku ya namna hiyo ndiyo yaliyokuwa yakisafirisha chai kutoka India na Ceylon, na kutoka Afrika Mashariki pia. Kitu kimoja tu hakikuweza kutengenezwa nyumbani kwa urahisi, nacho ni gitaa.

Hapa pana jambo litakalokufurahisha. John Lennon aliagiza gitaa lake la kwanza kwa njia ya posta, na gitaa hilo lilikuwa limetengenezwa Afrika ya Kusini. Jina lake ni Gallotone Champion, na ndani yake mlikuwa na kibandiko kinachotoa dhamana kwamba mbao yake haitapasuka, ahadi yenye maana kubwa zaidi kwenye jua la Afrika kuliko kwenye mvua ya Liverpool. Gallo aliyelitengeneza ndiye yule yule wa sahani za santuri za Gallotone. Mwaka 1952, katika mji wa Jadotville huko Katanga, ambao sasa ni Likasi, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za kijana aitwaye Mwenda Jean Bosco, na sahani zake zikatolewa na kampuni hiyo ya Gallo. Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili na kupiga gitaa kavu kwa vidole viwili kama mtu anayesuka mkeka, alisikika hadi Nairobi, na wapigaji wengi wa Kenya walijifunza kutoka kwake. Hivyo jina moja la kiwanda lilikuwa mikononi mwa mwanafunzi wa Liverpool na katika santuri za wazazi wetu. Gitaa hilo la Lennon lilipigwa mnada mjini London mwaka 1999 kwa zaidi ya paundi 155,000.

Lakini mtu aliyewahi kujifunza kwa gitaa la bei rahisi anaijua adha yake. Shingo hupinda. Nyuzi za chuma hukaa juu sana ya ubao, ikabidi kuzikandamiza kwa nguvu zote, na ncha za vidole huchubuka mpaka damu. Kijana akistahimili miezi michache hutamani jingine. Na hapo ndipo safari ya kwenda Mtaa wa Stanley ilipoanza.

Mwaka 1959 mfanyakazi wa kiume wa kazi za mikono Uingereza alipata wastani wa paundi 13 na nusu kwa juma. Gitaa la umeme la Höfner Club 40, la kutoka Ujerumani, liliuzwa kwa paundi 30 na shilingi kadhaa, yaani mshahara wa zaidi ya majuma mawili ya mtu mzima mwenye nyumba na watoto. Kwa kijana asiye na kazi hiyo ni ndoto. Hessy alikuwa mfanyabiashara mwerevu, akaifungulia ndoto hiyo mlango: aliuza kwa kulipwa kidogo kidogo. Mnunuzi alitoa arbuni, akatia sahihi, akaondoka na gitaa, kisha kila juma akawa anarudi kulipa fungu lake mpaka deni liishe. Waingereza waliupa mkopo huo jina la mzaha, “kamwe-kamwe”, kwa sababu malipo yake yalionekana kana kwamba kamwe hayatakwisha.

Sheria yake ilikuwa na ukali wake, na hapa tunakuomba utulie kidogo, kwa maana ndicho kiini cha habari hii. Katika mkopo wa namna hiyo mnunuzi hakuwa mwenye kitu. Kwa jicho la sheria alikuwa anakikodi, na mali iliendelea kuwa ya mkopeshaji hadi senti ya mwisho. Sheria ya mwaka 1938 ilimkinga mnunuzi kiasi: akiisha kulipa theluthi ya bei, mkopeshaji hakuweza kuja kuchukua mali yake bila amri ya mahakama. Kabla ya theluthi hiyo, aliyeshindwa kulipa aliweza kunyang'anywa. Kadhalika, hadi mwaka 1970 mtu aliye chini ya umri wa miaka 21 alihesabiwa huko kuwa mtoto mbele ya sheria, na deni lake la kitu kama gitaa halikuweza kudaiwa mahakamani. Kwa hiyo duka lilitaka sahihi ya mtu mzima. Kila kijana aliyetoka namba 62 na gitaa la mkopo alikuwa nyuma yake na mzazi au mlezi aliyeweka jina lake rehani.

Mwezi Agosti mwaka 1959 Lennon alichukua Höfner Club 40 kwa utaratibu huo. Alikuwa na miaka 18. Mama yake mzazi alikwisha fariki mwaka mmoja nyuma kwa kugongwa na gari, na aliyesimama kuwa mdhamini wake ni mama yake mkubwa, Mimi Smith, ambaye ndiye aliyemlea. Sasa ukumbuke kwamba Bibi Mimi hakuupenda muziki huo hata kidogo. Kelele za gitaa zilimchosha, akawa anamtoa kijana nje akafanyie mazoezi barazani, penye kuta za vioo. Nyumba hiyo, katika kitongoji cha Woolton, leo inahifadhiwa na shirika la kutunza mambo ya kale, na wageni huonyeshwa baraza hilo. Wenye kuongoza wageni hupenda kumsimulia bibi huyo kama mtu mkali aliyekuwa kizuizi. Sisi hatukubaliani nao. Mtu anayekipinga kitu kisha akakidhamini kwa sahihi yake anastahili heshima kubwa kuliko anayekishangilia kwa mdomo.

Nyumbani kwa Paul McCartney mambo yalikuwa kinyume. Baba yake, muuzaji wa pamba aliyewahi kuongoza bendi yake mwenyewe ya jazi ujanani, aliupenda muziki lakini aliogopa deni. McCartney ameeleza mwenyewe baadaye kwamba baba yao aliwakanya tangu utotoni wasikope, kwa kuwa hawakuwa watu wa uwezo, na kwamba wenzake waliokopa bila hofu walipata magitaa mazuri kuliko lake. Sisi wa pwani tunasema kukopa harusi, kulipa matanga. Mzee McCartney angeielewa methali hiyo bila kutafsiriwa. Gitaa la kwanza la Paul hakulinunua kwa mkopo, bali alibadilishana. Baba yake alikuwa amempa tarumbeta kwa siku ya kuzaliwa; kijana alipogundua kwamba huwezi kuimba huku umepuliza tarumbeta, aliomba ruhusa, akaipeleka kwenye duka la Rushworth & Dreaper akapewa gitaa aina ya Zenith. Alipojaribu kulipiga mkono ulikataa. Yeye ni mtu wa shoto, na magitaa ya shoto hayakuwepo, basi akazipindua nyuzi zote juu chini.

Kiangazi cha mwaka 1960 hata yeye alishindwa, akaingia kwa Hessy na kuchukua kwa mkopo gitaa jekundu la Rosetti la paundi 21. Lilikuwa la kupendeza macho, na ubora wake uliishia hapo. Lilivunjika Hamburg, Ujerumani, katika vilabu walivyokuwa wakipiga usiku kucha. Mwaka 1961, huko huko Hamburg, alinunua gitaa la besi la Höfner lenye umbo la fidla kwa kiasi cha paundi 30. Alilichagua kwa sababu mbili za mtu mwenye akili ya pesa: besi ya Fender ilikuwa ghali mara tatu, na hili, kwa kuwa pande zake zinalingana, halikuonekana kituko likishikwa kwa shoto.

Na George Harrison? Baba yake alikuwa dereva wa basi, na yeye mwenyewe akiwa kijana alijifunza ufundi wa umeme katika duka kubwa la Blackler. Mwezi Novemba mwaka 1959, akiwa na miaka 16, alichukua kwa Hessy gitaa liitwalo Futurama. Kwa mbali lilifanana na Fender. Kwa karibu lilikuwa gitaa la Chekoslovakia lililokuwa gumu kwelikweli kulipiga. Stuart Sutcliffe, mchoraji, alibahatika: mchoro wake ulinunuliwa na John Moores, tajiri wa mji huo, kwa paundi 65, naye mwezi Januari mwaka 1960 akapata njia ya kuchukua besi ya Höfner katika duka hilo hilo. Ringo Starr alikopeshwa na babu yake pesa za ngoma, akamrudishia kidogo kidogo kutoka katika ujira wake wa kiwandani. Ona jinsi kila chombo kilivyokuwa na mtu wa familia nyuma yake, au tajiri mmoja mpenda picha.

Tusimsifu Hessy kupita kiasi. Alikuwa akitafuta faida, na mkopo humgharimu mnunuzi zaidi ya pesa taslimu. Lakini duka lake lilitoa kitu kimoja kisichoandikwa katika hati. Mmoja wa wauzaji wake, Jim Gretty, alikuwa mpiga gitaa hodari, naye aliwafundisha wanunuzi namna ya kuweka vidole bila malipo. Ilikuwa biashara, bila shaka: kijana anayejua vidole vitatu hatarudisha gitaa, na kesho atataka kubwa zaidi. Hata hivyo, katika mji ambao wengi wa vijana hao hawakuwa na mwalimu wala kitabu, duka likawa shule. Wapigaji wa bendi mbalimbali walikutana hapo siku za Jumamosi, wakaonyeshana, wakaibiana mbinu.

Zana za kukuzia sauti zilikuwa na taabu yake. Gitaa la umeme lina sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake huzaa umeme kidogo sana, ambao hauna faida mpaka upate mashine ya kuukuza. Wasio na mashine waliunganisha gitaa na redio ya sebuleni, na redio nyingi za akina baba zilikufa kifo hicho. Mpiga gitaa mmoja wa bendi ya The Big Three, Adrian Barber, aliunda mwenyewe makasha makubwa ya spika kwa mbao, marefu kiasi kwamba watu waliyaita majeneza. McCartney alipigia besi yake jeneza mojawapo.

Sasa toka Mtaa wa Stanley uingie Whitechapel, mwendo wa dakika mbili. Hapa palikuwa na duka la sahani la NEMS, mali ya jamaa ya Epstein. Jina hilo ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya maduka ya muziki ya kaskazini, na piano ya nyumbani kwa akina McCartney ilinunuliwa kwa jamaa hao hao miaka mingi kabla. Tarehe 9 Novemba 1961 Brian Epstein, aliyekuwa meneja wa duka, alitembea hatua chache mpaka Cavern kuwaona vijana hao. Alipochukua jukumu la kuwasimamia, moja ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kwenda kwa Hessy na kumaliza madeni yao, karibu paundi 200. Vitabu vingi huitaja safari hiyo kwa mstari mmoja. Sisi tunaona ni siku kubwa, kwa kuwa kuanzia hapo ndipo magitaa yalipokuwa mali ya wapigaji. Hadi siku hiyo, katika Cavern, Hessy ndiye aliyekuwa mwenye jukwaa.

Whitechapel hiyo hiyo lilikuwa pia duka la Rushworth, jamaa waliokuwa wakitengeneza vinanda vya makanisa tangu karne ya 19. Lilifungwa mwaka 2002. Mwezi Septemba mwaka 1962, kizuizi cha bidhaa za Marekani kikiwa kimekwisha, Lennon na Harrison walipokea hapo magitaa mawili ya Gibson yaliyoletwa kwa ndege, kila moja kwa paundi 161 na shilingi moja. Hiyo ni mishahara ya majuma kumi ya mfanyakazi wa wakati huo. Gitaa la Lennon liliibwa mwaka 1963, likapotea zaidi ya miaka hamsini mikononi mwa watu wasiojua ni la nani, na mwaka 2015 likauzwa kwa mnada Marekani kwa dola milioni 2.4.

Msomaji wa Dar es Salaam atakuwa ameanza kulinganisha. Kwetu jambo hili lilikwenda njia nyingine. Bendi nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zilipigia vyombo vya mwenye bendi: NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, vyombo vyake vilikuwa vya chama cha wafanyakazi, Polisi Jazz vya jeshi la polisi. Mpigaji alikuwa mwajiriwa mwenye mshahara, hakusumbuliwa na deni la kila juma, na wazazi wake hawakutia sahihi mahali popote. Lakini alipohama bendi aliondoka na vidole vyake tu. Kijana wa Liverpool alibeba deni, na alipolimaliza alibeba gitaa. Usitutake tuamue lipi bora. Waulize wazee waliopiga katika bendi zetu, utapata majibu mawili katika meza moja.

Kama una nafasi, shuka hadi mtoni, kwenye gati za Mersey. Kutoka hapa mabaharia wa meli za abiria za New York walirudi na sahani ambazo hazikupatikana madukani, na mara moja moja na gitaa. Mmoja wao alinunua New York, mwaka 1957, gitaa jeusi la Gretsch Duo Jet. Mwaka 1961 alilitangaza gazetini, na Harrison akamfuata na pesa taslimu alizokuwa nazo. Hazikutosha. Paundi 20 zilizobaki aliziandikia hati ya deni, nyuma ya fomu ya forodha ya gitaa lenyewe, akatia sahihi. Gitaa likapigwa katika sahani za kwanza za Beatles, baadaye likatolewa zawadi kwa rafiki aliyekaa nalo miaka mingi, likarudi, na mwaka 1987 Harrison akapigwa picha nalo kwa jalada la sahani yake. Ile karatasi ilibaki kwa baharia.